Barakoa peke yake haitoshi: vumbi lizuiwe linakoanzia

Ajali ya kiwandani haijifichi. Mashine ikimkata mtu mkono, mtaa mzima unajua kabla ya jioni. Ugonjwa wa kazini huja kimyakimya, na ndio unaoua zaidi: Shirika la Kazi Duniani (ILO) linakadiria kuwa kila mwaka watu wapatao milioni 2.93 hufa kutokana na kazi, milioni 2.6 kati yao kwa magonjwa. Ajali huua takriban 330,000. Mkoani Pwani, ambako viwanda vimeota kwa kasi kandokando ya Barabara ya Morogoro hadi Kibaha na Mlandizi, hesabu hiyo ingetosha kubadili maswali tunayowauliza waajiri.

Chukua vumbi. Vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, vina kaolini, udongo mweupe ulioanza kuchimbwa tangu enzi za Wajerumani. Udongo huo umechanganyika na mchanga wa kwatzi, na kwatzi ni silika. Silika iko pia kwenye kokoto zinazosagwa, kwenye mchanga wa kufyatulia matofali, na kwenye marumaru anayoikata fundi kwa grenda.

Wingu tunaloliona silo la kuogopwa zaidi. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, mtu akakohoa, zikatoka. Zile ndogo kuliko mikroni 5, ambazo jicho halizioni, hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, hufa na kuacha makovu. Makovu yakizidi, mapafu hukakamaa na mtu huanza kuhema kwa kupanda kilima kidogo tu. Huo ni ugonjwa wa silikosi, ambao mara nyingi hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi na hauna dawa ya kuyarudisha mapafu yalivyokuwa. Humweka mgonjwa pia katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu, na vumbi lenyewe linatambuliwa tangu 1997 kuwa chanzo cha saratani ya mapafu.

Kinachonisikitisha ni mwajiri anayegawa barakoa za kitambaa na kuona kazi imekwisha. Kitambaa hakizuii chembe hizo. Hata barakoa yenye kichujio kizuri ni kinga ya mwisho, baada ya nyingine zote kufanyika: kulowesha maji pale panapokatwa na kusagwa, kuziba mikanda inayobeba malighafi, kufunga feni za kufyonza vumbi mahali linapotokea, kupunguza saa za mtu mmoja kukaa hapo. Mengine hayahitaji hata fedha nyingi. Sakafu ifagiliwe ikiwa imelowa. Na ule mtindo wa kujipuliza nguo kwa hewa ya kompresa jioni, ili mtu aende nyumbani akiwa safi, ukomeshwe leo, kwa sababu unalirudisha vumbi lote usoni.

Haya si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri asajili eneo lake la kazi na ahakikishe wafanyakazi wanapimwa afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara wakiwa kazini. Kipimo cha mwanzo ndicho kinachopuuzwa, nacho kina thamani kubwa: bila kujua mapafu yalikuwaje siku ya kwanza, ni vigumu kuonyesha kilichoyaharibu. Hivyo hivyo masikio ya mtu wa kiwanda cha nondo, ambako kelele ikizidi desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, usikivu hupotea polepole na haurudi.

Anayeumia zaidi hapa ni kibarua. Leo yuko kwenye kokoto, mwezi ujao kwenye saruji, msimu wa korosho anapuliza salfa shambani kwa mtu. Akianza kukohoa miaka kumi baadaye, kila bosi atasema ugonjwa huo hakuupata kwake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi 2015, hulipa fidia ya magonjwa ya kazini pia, si ya ajali tu, na mchango wake hutolewa na mwajiri bila kukatwa kwenye mshahara. Lakini daktari anahitaji historia ya kazi ili aunganishe ugonjwa na chanzo chake. Kwa hiyo kila kibarua aandikwe jina, kazi aliyofanya na tarehe zake, na akiondoka apewe nakala ya majibu ya vipimo vyake aende nayo.