Mzamiaji Ana Mfadhili, Mhifadhi Je?

Kiwandani Kericho, majani mabichi ya chai hunyaushwa usiku na kusagwa asubuhi. Ubao uliotolewa baharini hauvumilii haraka hiyo. Ukianikwa tu, husinyaa na kupasuka, kwa kuwa maji ndiyo yaliyokuwa yakiushikilia. Hulowekwa katika maji yasiyo na chumvi, yakibadilishwa tena na tena, kisha huingizwa nta maalumu taratibu. Waswidi waliinyunyizia nta hiyo meli yao Vasa, iliyoopolewa baharini, kwa miaka 17, hadi 1979.

Hesabu ya miaka hiyo ndiyo wapangaji wengi wa miradi huiruka.

Meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome ya Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1697, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Kati ya 1977 na 1980 wazamiaji wakiongozwa na Robin Piercy waliichimba, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vyombo vilivyopandishwa vilihifadhiwa palepale ngomeni, na leo mgeni huviona ndani ya Fort Jesus. Lakini kiunzi cha meli walikipima, wakakichora, wakakifukia tena mchangani. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora wa mradi mzima. Kukipandisha kungeiachia Mombasa deni la miongo ya matangi, nta na mishahara, na hakuna mfadhili anayepigwa picha akibadilisha maji.

Linganisha na mradi wa Kenya na China ulioanza 2010, wa miaka mitatu, ambao miongoni mwa mengine ulitafuta meli ya baharia Mchina Zheng He karibu na Lamu. Magazeti yalijaa meli. Meli yenyewe haijapatikana. Vilivyopatikana ni pamoja na vigae na sarafu, vitu vinavyohitaji kabati, lebo na mtu wa kuvitazama kila mwezi. Habari hiyo haiuzi gazeti.

Sisi wa huku milimani tusijione hatuhusiki. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la makumbusho, Kericho na Bomet zikiwemo. Kibuyu cha maziwa ya mursik na ngao ya ngozi havina chumvi ya bahari, ila ukungu wa huku na wadudu huvimaliza vilevile, hata ndani ya jengo lililokatiwa utepe. Siku mpango wa makumbusho utakapoletwa kwenye kikao cha maoni ya umma, usiulize ramani ya jengo kwanza. Uliza mshahara wa mhifadhi umeandikwa ukurasa gani, na ni wa miaka mingapi.