Kuchagua Mabamba ya Bafuni katika Nyumba za Wageni za Vyama



Baadhi ya vyama vyetu vya msingi vimejenga nyumba za wageni ili vipate mapato hata nje ya msimu wa mazao. Jambo hilo ni jema. Lakini katika kukagua hesabu nimeona kwamba fedha hupotea mahali ambapo wajumbe wa kamati hawapatilii maanani, nako ni bafuni, kwenye lile bamba linaloshika beseni la kunawia. Bamba hilo hulowa asubuhi na jioni, humwagikiwa sabuni, mafuta na hina, kisha husuguliwa na mhudumu kwa dawa kali.

Nitatoa mfano wa chama kimoja ambacho sina haja ya kukitaja. Mkutano Mkuu uliidhinisha vyumba 14 viwekewe "mabamba ya marumaru". Wanachama walikuwa wakifikiria jiwe. Fundi alileta vigae, wala hakudanganya, kwa maana mitaani vigae navyo huitwa marumaru. Alivibandika juu ya ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Kabla ya mwaka wa pili kwisha, maji yalikuwa yamepenya, ubao ukavimba na vigae vikabanduka. Wanachama wakamshuku katibu kuwa amekula tofauti ya bei. Nilipozipitia stakabadhi nilikuta kila shilingi ipo mahali pake. Kilichokosekana ni neno sahihi katika muhtasari wa mkutano. Katibu alisafishwa, lakini alikuwa amekwisha kuitwa mwizi mbele ya watoto wake.

Kwa sababu hiyo yatupasa kuvifahamu vifaa vyenyewe.

1. Marumaru ya jiwe. Hili ni jiwe la jamii ya chokaa. Likipatwa na asidi, hata ile ya ndimu au siki, uso wake huliwa na kuachwa na doa lililofifia, lisilotoka kwa kusuguliwa na kitambaa. Mahali penye maji magumu, yaani yale yasiyotoa povu la sabuni upesi, ukoko mweupe hujijenga kuzunguka bomba. Mhudumu huuondoa kwa dawa ya chooni yenye asidi. Ukoko huo na marumaru ni jamii moja, hivyo dawa inayokula ukoko hula na jiwe.

2. Terazo. Hii ni saruji iliyochanganywa na vipande vidogo vya marumaru, ikamwagwa na kusuguliwa hadi ing'ae. Sakafu nyingi za majengo ya zamani mijini ni za namna hii. Haina viungo vingi vya kupitisha maji, na ikichakaa yaweza kusuguliwa upya. Lakini nayo haipatani na asidi, kwa kuwa saruji na vipande vyake vyote huliwa.

3. Itale, ambayo mafundi huiita graniti. Miamba mikubwa ya Mwanza na Dodoma ni ya jamii hii. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kianziacho 1 hadi 10, madini makuu ya marumaru yako kwenye 3, na ya itale yako kati ya 6 na 7. Ndimu kwa kawaida haiidhuru. Ina vitundu vidogo sana, kwa hiyo yafaa ipakwe dawa ya kuvizibia. Tena ni nzito: bamba la unene wa sentimeta 2 lina uzito wa kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba. Lisitegemezwe kwa misumari. Lijengewe nguzo za matofali au vyuma.

4. Vigae. Uso wake hauharibiki upesi. Udhaifu wake uko kwenye viungo. Vikiwekwa juu ya zege hudumu. Vikiwekwa juu ya ubao, matokeo mmeyasoma.

5. Ubao uliofunikwa fomaika. Bei yake huvutia, lakini maji huingia kwenye tundu la beseni na kuuvimbisha. Haufai bafuni.

6. Jiwe la kiwandani, ambalo kwa kawaida hutengenezwa kwa kusaga mawe ya kwazi na kuyagandisha kwa gundi. Ni gumu na halinyonyi maji. Hatari yake humpata fundi, kwani vumbi lake, likivutwa, huua mapafu. Australia ilipiga marufuku mabamba haya kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Vumbi la itale nalo lina madhara. Kwa hiyo jiwe lolote likatwe kwa maji, na fundi avae kizuia vumbi.

Kabla ya kulipa, kamati iombe kipande cha kifaa chenyewe na kukijaribu. Dondosha maji ya ndimu, ngoja dakika 10, futa, kisha kiinamishe kwenye mwanga. Mng'aro ukififia, hiyo ni jamii ya chokaa, hata muuzaji aiite itale. Dondosha maji safi: yakiacha kivuli cheusi, jiwe hunyonya. Mwisho paka hina na uiache usiku kucha.

Bei nayo isitazamwe peke yake. Kwa mfano wa hesabu tu, bamba la shilingi 80,000 likidumu miaka 2 hugharimu shilingi 40,000 kwa mwaka. La shilingi 300,000 likidumu miaka 15 hugharimu 20,000. Hapo hatujahesabu siku ambazo chumba hufungwa kwa matengenezo.

Kwa hiyo nashauri hivi. Penye maji magumu, chagueni itale, au vigae juu ya zege. Penye maji laini na fundi hodari, terazo yafaa sana. Marumaru ya jiwe ipambe mapokezi. Kila mwaka kiungo kati ya bamba na ukuta kikaguliwe, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Juu ya yote, muhtasari utaje aina ya kifaa bila kutumia jina la mitaani, unene wake kwa milimita, kitu kitakachokuwa chini yake, na dawa itakayotumika kukisafishia. Kipande kilichojaribiwa kitiwe sahihi ya mwenyekiti na ya fundi, kisha kihifadhiwe ofisini. Siku ya kupokea kazi, kila mwanachama ataweza kukilinganisha na kilichowekwa, na hakuna katibu atakayeshukiwa kwa kosa la neno moja.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika