Nembo sita kwenye karatasi moja

Karatasi ya kuhamishia picha kwenye fulana kwa pasi ina gharama. Ukichapa nembo moja katikati, sehemu kubwa inapotea bure.

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Nembo za sentimita 8 kwa 8 zinaenea sita: mbili kwa upana, tatu kwa urefu. Acha sentimita moja kati yake ili mkasi upite, na usifike ukingoni. Printa nyingi hazichapi hapo.

Kwa karatasi ya fulana nyeupe, nembo zote zigeuzwe kama kwenye kioo, la sivyo maandishi yatakaa kinyumenyume. Karatasi ya fulana nyeusi kwa kawaida haigeuzwi.

Mwombe mwenye stesheneri ajaribu kwanza kwenye karatasi ya kawaida.