Gazeti la Mji wa Pamba

Mtu anunuapo gazeti hutazama habari, kisha hutazama bei. Ni wachache waulizao: gazeti hili ni mali ya nani, nalo humsemea nani? Ndugu wasomaji, na tulitafutie swali hilo jibu katika historia ya gazeti moja la Manchester, mji wa Uingereza uliotajirika kwa kusokota na kufuma pamba.

Tarehe 16 Agosti, 1819, watu wapatao 60,000, wengi wao wafumaji na wafanya kazi wa viwandani pamoja na wake zao na watoto wao, walikusanyika katika uwanja wa St Peter's Field. Mji wao haukuwa na mbunge wake hata mmoja, nao walidai haki ya kupiga kura. Mahakimu wakaamuru msemaji wao, Henry Hunt, akamatwe. Askari wapanda farasi wakauingilia umati kwa panga. Watu wasiopungua 15 wakafa, na mamia wakajeruhiwa. Mfanya biashara mmoja wa pamba, John Edward Taylor, akaharakisha kupeleka habari hizo London, ili maelezo ya wakubwa yasitangulie kweli. Tarehe 5 Mei, 1821, akaanzisha Manchester Guardian kwa fedha alizokopeshwa na matajiri 11.

Basi gazeti lilizaliwa na damu ya wavuja jasho, lakini halikuwa lao. Liliuzwa peni 7, na peni 4 katika hizo zilikuwa kodi ya serikali. Maskini angelipata wapi? Mpaka kodi hiyo ilipofutwa mwaka 1855 ndipo lilipopunguza bei na kuanza kutoka kila siku.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1861, Marekani ilipoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Manowari za Kaskazini zilizuia pamba ya Kusini, pamba iliyolimwa na watumwa. Viwanda vya Manchester na jimbo lake vikasimama, na mamia ya maelfu ya watu wakaishi kwa msaada. Gazeti likamlaumu Rais Lincoln. Lakini tarehe 31 Desemba, 1862, wafanya kazi wa mji huo walikutana katika jumba la Free Trade Hall, wakamwandikia Lincoln barua ya kumuunga mkono dhidi ya utumwa. Walikuwa na njaa, na pamba ya watumwa ndiyo ingewarudishia ugali wao. Hata hivyo walichagua upande wa mtumwa. Mwezi uliofuata Lincoln akawajibu kwa shukrani.

Haki itendeke: gazeti hilo lilikuwa na siku zake za ushujaa. C.P. Scott, aliyelihariri tangu 1872 hata 1929, alipinga vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902, ijapokuwa wasomaji wengi walilikimbia. Mwaka 1936 mwanawe, John Scott, aliikabidhi mali yote kwa amana, ili gazeti lisiwe tena urithi wa kumtajirisha mtu. Mwaka 1959 likaondoa jina la mji wake, na mwaka 1964 mhariri akahamia London.

Nyani haoni kundule. Mwaka 2023 amana hiyo ilitangaza matokeo ya uchunguzi iliouagiza yenyewe: Taylor, na wasiopungua 9 katika wale matajiri 11, walikuwa na uhusiano na utumwa, hasa kwa njia ya biashara ya pamba. Ikaomba radhi, ikaahidi zaidi ya paundi milioni 10 za fidia. Gazeti lililouona upanga uwanjani tangu siku ya kwanza lilihitaji miaka 200 kuitazama pamba iliyokuwa mfukoni mwa mwenyewe. Wafumaji wenye njaa waliiona mwaka 1862.

Kwa hiyo, liwe gazeti la tajiri, la amana au la chama, tusilipime kwa makosa ya wengine linayoyafichua. Tulipime siku ile kweli inapomgusa mwenye gazeti. Siku hiyo ndiyo tutakayojua linamsemea nani.