Mbali na Wapi? Neno "Remote" Linapofika Nyamasaria

Kivumishi cha Kiingereza "remote", ambacho wanahabari na maofisa wa mipango nchini Kenya hukitumia kila wanapotaja kijiji kisichofikika kwa urahisi, kimetokana na neno la Kilatini remotus, yaani kilichoondolewa au kusogezwa nyuma. Kwa hiyo ndani yake mna kitendo, na penye kitendo hapakosi mtendaji, ijapokuwa matumizi ya leo yamekwisha kumsahau.

Kiswahili hakina kivumishi kimoja kinacholingana nacho. "Mbali" ni kielezi, yaani neno linaloeleza namna, wakati au mahali, na haliwezi kusifu nomino mpaka litanguliwe na kihusishi cha a-unganifu, kama katika "kijiji cha mbali". Tena msikilizaji akilisikia huuliza papo hapo: mbali na wapi? Swali hilo, ambalo Kiingereza humruhusu mwandishi kulikwepa, ndilo linalostahili kuulizwa kabla ya yote.

Nyamasaria, mashariki mwa Kisumu, kwenye barabara kuu iendayo Ahero na Nairobi, ni mahali pazuri pa kulipima. Kwa abiria wa bodaboda atokaye katikati ya jiji, hapo ni karibu; kwa mkulima wa uwanda wa Kano ambaye njia yake imefunikwa na mafuriko, ni mbali kweli kweli, ingawa kilomita hazijaongezeka hata moja. Kijaluo kinalifahamu jambo hili, kwa kuwa neno "mabor" hubeba maana ya urefu na ya umbali pamoja, kana kwamba umbali ni sifa ya njia wala si ya watu wanaoishi mwisho wake.

Historia ya Kisumu yenyewe inathibitisha hoja hiyo. Reli kutoka Mombasa ilipofika ufukweni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901, wajenzi wake walipaita Port Florence na kupahesabu kuwa mwisho wa safari. Lakini jina Kisumu huelezwa mara nyingi kuwa lilitokana na biashara ya kubadilishana vyakula, maana yake kwa watu wa ziwa hapo palikuwa kitovu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 174, inataja huduma zilizo karibu na zinazofikika kwa urahisi kuwa miongoni mwa malengo ya ugatuzi, na hivyo inaugeuza umbali kuwa wajibu wa serikali. Lugha ya redio nayo hulitumia neno "mashinani", ambalo, kwa kutokana na shina linalobeba matawi, lina heshima kuliko "pembezoni". Kivumishi chenyewe cha Kiingereza kimeingia majumbani kama nomino, "rimoti", na wataalamu wakapendekeza "kitenzambali".

Kwa hiyo mhariri anayetafsiri taarifa kuhusu kisiwa cha Mfangano, katika ziwa hilo hilo, atawatendea haki wakazi wake akiandika, badala ya "mbali" tu, safari ya boti inachukua saa ngapi kufika hospitalini, na nauli ni shilingi ngapi.