NAGONA NA MZINGILE: FUMBO LILILOFUMBULIWA KABLA YA KUTOLEWA MJI

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini riwaya ya Mzingile (1991) ya Euphrase Kezilahabi, ambayo wahakiki wengi huisoma kama mwendelezo wa Nagona (1990), inamwacha na kiu msomaji aliyeipenda ile ya kwanza. Nasema "msomaji", lakini kusema kweli nasema mimi. Wenzangu wengi darasani wanadai kwamba riwaya zote mbili hazieleweki, basi, mjadala unaishia hapo. Mimi nina malalamiko mengine. Naona Mzingile inaeleweka mapema mno.

Msanii na njia aliyopita

Kezilahabi (1944–2020) alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe. Riwaya zake nne za mwanzo, yaani Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), zinafuata uhalisia. Ndani yake mna vijiji, shule, ulevi, mapenzi na siasa ya Ujamaa, na msomaji anajua yuko wapi. Mwaka 1985 alimaliza shahada ya uzamivu kule Wisconsin, Marekani, akiandika juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Vilipotoka vitabu hivi viwili vyembamba, ambavyo hata kimoja hakifiki kurasa mia, uhalisia ule alikuwa ameuacha nyuma.

Raha ya kupotea katika Nagona

Nagona niliisoma nyumbani Katubuka wakati wa likizo, msimu ambao mvua zilizidi, bwawa likapanda na kuingia katika nyumba za watu. Baadhi ya majirani walikuwa wamehama. Ukipita jioni unaona mlango uko wazi, maji yako ndani, na hakuna wa kumpigia hodi. Sasa fungua Nagona: msimulizi asiye na jina anasafiri, anafika mahali pa kimya, palipokaribia kuwa patupu. Yumo mzee aliyekuwa akisikiliza maungamo ya watu. Wamo wanaosoma bila kusema neno. Wanajitokeza akina Plato, Nietzsche, Marx na Freud, kana kwamba ni wazee wa mtaa huo huo. Yupo paa anayesakwa msituni, na ipo ngoma kuu inayongojwa.

Je, nilielewa? Nusu tu. Lakini kila nilipokwama nilirudi nyuma kurasa mbili nikatazama upya, kama mtu aliyepotea anavyorudi kwenye mti anaoukumbuka. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo fani ya Nagona ilipo. Mandhari yake ndiyo fumbo lenyewe. Ukimya ule unakufanyisha kazi.

Hebu tukumbuke utaratibu wa kitendawili. Mtegaji anasema "Kitendawili!" nasi tunajibu "Tega!" Anatega. Tunahangaika, tunakosea, tunachekwa. Tukishindwa, anasema "Nipeni mji," nasi tunampa: "Nenda Ujiji." Anakwenda Ujiji, anakula dagaa na migebuka ya watu, anatamba kidogo, ndipo anatoa jibu. Ule mji ni malipo ya jibu. Anayetaja jibu kabla ya kupewa mji ameharibu mchezo, hata kama jibu lake ni sahihi.

Mzingile unavyojifumbua

Jina la kitabu cha pili linaahidi makubwa. Mzingile, au mzingile-mwambiji kwa ukamilifu wake, ni mchezo wa njia zinazozunguka na kumpoteza mtu. Nilitarajia kupotea zaidi. Badala yake nikakuta ramani.

Tunasimuliwa kuzaliwa kwa ajabu kwa Kakulu. Sisi Waha tuna mzizi "-kuru" wenye maana ya ukubwa na uzee, kwa hiyo jina hili halikunisumbua hata dakika moja. Kisha msimulizi anakwenda mlimani kumpasha mzee habari kwamba mwanawe amekufa. Mwana aliyekufa, mzee anayekaa juu mlimani: nani kati yetu aliyepita jumapili moja kanisani, au aliyesikia tu habari za Wakristo, atakosa kuwatambua? Hata maangamizi yanayoiteketeza dunia, na mwanamume na mwanamke wanaobaki ndani yake, tunawajua tangu kitabu cha Mwanzo. Kila alama ina jina lake limebandikwa pajini. Katika Nagona nilikuwa natafuta. Katika Mzingile nilikuwa natia vyema kwenye majibu yangu, kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

Hapa lazima nikiri jambo, maana mhakiki naye ni mtu. Likizo ile ile baba yangu mdogo alifariki. Wakubwa wote walikuwa hospitali, na mimi ndiye niliyekuwa na baiskeli, basi nikatumwa Ujiji kumwambia babu kwamba mwanawe amekufa. Siyo kazi ya kijana, lakini ndivyo ilivyotokea. Nilipomwambia, babu alinyamaza, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, njiani kuna tope?" Nikamjibu kwamba lipo. Akaenda kutafuta viatu.

Wiki chache baadaye nilipoianza Mzingile na kukuta safari ile ile, mikono ilitetemeka. Nilidhani nitakuta mtu amelisema lile swali la tope. Lakini mzee wa riwayani nilikuwa nimeshaambiwa ni nani, na baridi yake nikaipokea kama hoja ya kifalsafa, hoja nzuri tu, ya kuandikia insha. Haikuniuma. Babu yangu mpaka leo sijamfumbua.

Hitimisho

Najua nitajibiwa kwamba Kezilahabi alikusudia hivyo: kwamba anachukua visasili tunavyovijua ili avibomoe, na kwamba huwezi kubomoa nyumba isiyoonekana. Hoja hii ina uzito, na lugha ya Mzingile ina sehemu zinazostahili kusomwa kwa sauti. Hata hivyo, kumwonyesha msomaji nyumba inayobomolewa siyo sawa na kumwacha ndani yake usiku, taa hakuna. Nagona iliniacha ndani. Mwendelezo wake ulikuja na tochi.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaozipanga riwaya hizi mbili pamoja kwa ajili ya mtihani, nashauri msianze na orodha ya "ishara na maana zake" inayozunguka mabwenini. Mzingile itaivumilia orodha hiyo, Nagona itakufa. Someni Nagona kwanza, mkwame, mrudi nyuma. Mkishindwa kabisa, toeni mji.