Harufu Mbaya ya Mbwa: Asili Yake na Njia ya Kuiondoa

Mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzi wa mchungaji, lakini wako mbwa ambao harufu yao huwatangulia mlangoni. Wenye nyumba wengine humfukuza mbwa wa namna hiyo kwa mawe, na wengine humpaka mafuta ya taa wakidhani yatamsafisha. Njia zote mbili ni mbaya. Ya kwanza haiondoi harufu, na ya pili yaweza kumwua mnyama. Yafaa kwanza kufahamu harufu yatoka wapi, kwa maana kila harufu ina dawa yake, na nyingine ni onyo la ugonjwa.

HARUFU YATOKA WAPI

Ngozi ya mbwa hutoa mafuta kidogo ambayo hulainisha manyoya. Humo huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hutoa vitu vyenye harufu. Manyoya yakiwa makavu harufu hiyo ni kidogo. Yakilowa, vitu hivyo huachiliwa vikapaa hewani pamoja na mvuke. Ndiyo sababu mbwa aliyenyeshewa hunuka hata kama hakugusa uchafu wowote. Harufu hii si ugonjwa, nayo hupungua sana akikaushwa vema.

Harufu ya pili hutoka nje. Mbwa hupenda kugaagaa juu ya mzoga, samadi au takataka, na uchafu huo hushikamana na manyoya. Huyu hatoshelezwi na kukaushwa. Hapana budi aoshwe.

JINSI YA KUMWOSHA

Kazi ianze manyoya yangali makavu. Achanuliwe kwa brashi au chanuo lenye meno mapana ili matope, miiba na manyoya yaliyokufa yatoke, kwa kuwa manyoya yaliyosokotana hukaza zaidi yakilowa. Ichaguliwe siku ya jua, saa za asubuhi, ili mbwa akauke kabla ya baridi ya jioni. Maji yawe ya uvuguvugu, na mtu anayezoeana na mbwa ndiye amshike.

Maji yamwagwe kuanzia shingoni, mgongoni, tumboni, miguuni na mkiani. Kichwa kifutwe mwisho kwa kitambaa chenye unyevu, na maji yasiingie masikioni. Sabuni bora ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Isipopatikana, itumike sabuni laini kidogo tu. Sabuni ya unga ya kufulia nguo ni kali mno. Kisha asuuzwe mara 2 au 3 mpaka maji yatoke safi, kwa sababu sabuni iliyobaki huwasha, naye akijikuna atapata vidonda, na vidonda vitanuka kuliko uchafu wa kwanza. Mwisho akaushwe kwa kitambaa kikavu.

Mbwa safi akirudishwa juu ya gunia chafu, kazi yote imepotea bure. Gunia lake lifuliwe na kuanikwa juani, na kibanda kifagiliwe. Tena si lazima kumwosha kila siku, kwa maana kuosha mno huondoa mafuta ya ngozi, na ngozi hukauka na kuwasha.

HARUFU ISIYOTOKA KWA SABUNI

Harufu ya mzoga mara nyingine hukataa sabuni, na harufu ya kicheche hukataa zaidi. Katika Marekani yuko mnyama aitwaye skunk ambaye, kama kicheche, hujikinga kwa kurusha maji yenye uvundo mkali. Watu wa huko walizoea kuwaosha mbwa wao kwa maji ya nyanya, lakini nyanya hufunika harufu tu. Mwaka 1993 mkemia mmoja wa huko, Paul Krebaum, alitangaza njia iliyo bora. Uvundo huo hutokana na vitu vyenye kiberiti ndani yake, na vitu hivyo vikikutana na oksijeni hugeuka kuwa vingine visivyonuka sana. Vitu vya jamii hiyo hupatikana pia katika nyama iliyooza.

Dawa yake huchanganywa hivi: lita 1 ya haidrojeni peroksaidi yenye nguvu ya 3 kwa 100, robo kikombe ya soda ya kuokea mikate, na kijiko 1 kidogo cha sabuni ya maji. Mbwa apakwe mara moja dawa ingali inatoa povu, akae dakika 5, kisha asuuzwe sana. Isiingie machoni wala kinywani, wala isipakwe penye kidonda. Yaweza kufifisha rangi ya manyoya meusi. Iliyobaki imwagwe. Isitiwe kamwe katika chupa na kufungwa, kwa kuwa hewa inayotoka ndani yaweza kuipasua chupa hiyo.

MAMBO YA KUEPUKWA

Mafuta ya taa huunguza ngozi, na mbwa akijiramba yaweza kuingia mapafuni. Oili chafu ya motokaa ni sumu vilevile. Dawa ya josho iliyopimwa kwa ng'ombe yaweza kumwua mbwa. Asipakwe bila shauri la daktari wa wanyama. Dawa ya kung'arisha nguo haifai. Magadi nayo yasitumiwe badala ya soda ya kuokea, kwa kuwa ni makali zaidi.

HARUFU ILIYO DALILI YA UGONJWA

Dalili ya mvua ni mawingu. Ikiwa mbwa ameoshwa vema na baada ya siku chache ananuka tena, atazamwe kwa makini. Masikio yanayonuka na kutoa usaha yana ugonjwa. Kinywa kinachonuka huonyesha meno mabovu, au pengine figo zenye maradhi. Harufu kama ya samaki chini ya mkia hutoka katika vifuko viwili vilivyo pale, navyo vyaweza kuziba. Ngozi yenye mafuta mengi, magamba au upele yahitaji dawa, na kidonda chenye mabuu chahitaji tiba siku ile ile.

AFYA YA WATU

Mbwa alaye matumbo na maini mabichi ya mifugo yenye ugonjwa hupata tegu mdogo sana. Mayai ya tegu hutoka katika mavi yake na kushikamana na manyoya. Mtu akiyameza, hasa mtoto anayecheza na mbwa, huota uvimbe wenye maji katika ini au mapafu, nao hukua kwa miaka mingi. Ugonjwa huu ulienea sana Turkana, hata mwaka 1983 shirika la AMREF likaanzisha kazi ya kuupiga vita. Kwa hiyo matumbo ya mnyama aliyechinjwa yafukiwe au kuchomwa, mbwa apewe dawa ya tegu, na kila amwoshaye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Tena, mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa na mate au kuuma ovyo, asioshwe wala asiguswe. Huenda ana kichaa cha mbwa, na habari zake zipelekwe upesi kwa daktari wa wanyama. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja. Ugonjwa huo ukisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, karibu hakuna aponaye; lakini chanjo ikitangulia, humwokoa. Mbwa naye achanjwe kila mwaka, kwa kuwa usafi wa manyoya peke yake haumkingi yeye wala wenye nyumba.